Kopo Nyuma ya Kapu la Kabichi

Dada yangu hali chakula kazini. Hilo kiwanda kizima kingekuapia. Miaka thelathini na moja amesimama kwenye jiko la kantini ya kiwanda cha ndoo na mabeseni, anapikia watu mia tatu kila siku ya kazi, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi mbele ya sahani. Ukimuuliza mbona huli, jibu lake lilikuwa moja tu: "Mimi sili, naonja." Akilisema hilo aliinua kidevu, na wewe ulitakiwa umwonee huruma na umsifu hapohapo.

Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yetu. Amenipita miaka tisa. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi pale, nikawa mkata mboga asubuhi na mpakuaji mchana. Wafanyakazi wanamwita Jenerali. Mimi wananiita Mdomo, na sababu mtaiona wenyewe.

Sasa, kuonja kwake ilikuwa hivi. Jikoni kuna sufuria nne, kila moja unaweza kumwogeshea mtoto. Supu ya asubuhi, halafu wali, maharage, mchuzi wa nyama, kabichi. Chumvi hapimi kwa kitu. Anaichota kwa kiganja, anaiangusha, anakoroga, anatoa kijiko chake kikubwa mfukoni, anaonja, anafumba macho, anatikisa kichwa, anaongeza. Halafu anakisuuza kijiko na kwenda kwenye sufuria nyingine. Watu walikuwa wanasema chakula cha Jenerali hakijawahi kukosea hata siku moja, na ni kweli, mimi mwenyewe nimekulia kwenye sufuria zake.

Mwaka jana jicho lake la kulia likaanza kuingia ukungu. Alijitia hamnazo. Akigonga meza, meza imesogezwa na nani; akimwaga maji, ndoo imewekwa vibaya. Siku moja kitambaa cha kushikia sufuria kikaanguka kwenye kabichi, akakoroga nacho, kikaiva vizuri tu, kikapakuliwa. Kikamwangukia bwana mmoja wa upakiaji tunayemwita Kipara, mtu wa maneno mengi kuliko nywele. Akakiinua juu kwa uma.

"Jenerali, leo umetuongezea nyama?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na dada akacheka nao. Baadaye nikamkuta stoo amekaa juu ya gunia la mchele, anafuta lile jicho kwa pindo la aproni.

"Mdogo wangu, sikukiona," alisema. "Kilikuwa hapa, mbele yangu, na sikukiona."

Nikakaa naye juu ya gunia lile.

Meneja alimwita kesho yake. Ni mtu mpole, na hilo ndilo baya, kwa sababu mtu mpole huwezi kumgombeza. Akamwambia, "Mama, nakuheshimu sana. Nenda katibiwe jicho. Ukirudi unaona, jiko ni lako mpaka ustaafu. Usipoona, nitakutafutia kazi getini." Getini! Dada alitoka ofisini akilirudia neno hilo hilo njia nzima.

Ugonjwa wenyewe ni mtoto wa jicho, na unatibika kwa upasuaji mfupi tu. Madaktari wa macho huja hospitali yetu kila baada ya miezi mitatu, wanakaa siku mbili, wanaondoka. Tulienda. Muuguzi wa kwenye chumba cha kupimia presha, kijana mwenye sauti ya taratibu, akamfunga dada mkanda mkononi. Mia moja tisini na nane kwa mia na kumi na mbili.

"Shikamoo mama," akasema, ingawa walishasalimiana. Nadhani alishtuka. "Kwa presha hii hawawezi kukupasua. Inatakiwa ishuke chini ya mia na sitini."

Wakampa dawa, wakamwambia arudi safari ijayo. Akarudi. Mia moja tisini. Wakamrudisha tena.

Safari hiyo ya pili daktari alimpeleka akapimwe na moyo. Alitukalisha wote wawili, akachukua karatasi akauchora. "Moyo ni msuli, mama. Mtu akisukuma mlango mzito kila siku, miaka nenda miaka rudi, mkono unanenepa. Wako umenenepa upande huu. Ukiendelea hivi, mkono wenyewe utachoka kusukuma." Halafu akamuuliza kama anameza dawa.

"Ninazo," dada akasema. "Kichwa kikiniuma nameza."

"Mama, hizi si dawa za kichwa. Ni za kila siku, uumwe usiumwe. Na chumvi je? Mchana unakula nini?"

"Mchana sili, daktari. Naonja tu."

Na yule daktari, msomi mzima, akaandika kwenye faili: hali mchana. Nilimwona kwa macho yangu. Nilitaka kusema kitu, dada akanifinya paja chini ya meza, na vidole vyake ni vya kubebea sufuria.

Daktari akamaliza hivi: jicho la kushoto nalo limeshaanza. Safari ijayo presha ikiwa hivi, hatapasuliwa, na yeye hawezi kuahidi jicho litamsubiri mpaka lini. Meneja naye, tulipomfikishia habari, akasema atasubiri miezi hiyo mitatu, lakini ndiyo ya mwisho. Basi tukawa na siku tisini. Upande mmoja jicho na jiko, upande wa pili geti na giza, na katikati namba moja tu kwenye ile mashine ya presha.

Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira. Hasira za nani, sijui. Za daktari aliyeandika upuuzi, za dada, za ule mfupa wa kiburi alionao shingoni. Hali! Mtu mwenye mwili ule, anayetoka jasho lenye chumvi ya kuonekana mgongoni mwa gauni, hali! Nikajiambia, subiri.

Jumatatu nikaenda kazini na kopo la maziwa ya unga, tupu, nimeliosha. Linaingia lita moja na nusu, nilikuwa nimelipima. Nikaliweka nyuma ya kapu la kabichi, upande wa jicho lake bovu, na hapo ndipo nilipojisikia kama mwizi. Nikachukua kijiko cha ukubwa uleule wa kwake. Kila alipoonja, na mimi nikachota kijiko kimoja, kutoka sufuria ileile, nikamimina kwenye kopo.

Jamani. Kabla ya saa nne, kwa supu peke yake, vijiko kumi na tisa. Kulikuwa na onja ya kujua, na onja ya kuhakikisha, na onja ya baada ya kuhakikisha. Kulikuwa na onja ya kumfundisha mwosha vyombo, eti asogee asikie utamu wa nyama ukishatoka kwenye mfupa. Na nyingine hazikuwa na sababu yoyote duniani. Alipita tu karibu na sufuria akiwa na kijiko mkononi. Mchuzi wa nyama ndio aliouonea zaidi. Nilihesabu mpaka nikachoka, na hapa sitii chumvi.

Saa tisa alasiri, tumeshamaliza kuosha, nikaliweka kopo mezani mbele yake.

"Nini hiki?"

"Chakula chako cha mchana."

"Unajua kabisa mchana sili."

"Ndiyo. Ndicho hicho usichokula."

Alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo akatumbukiza kidole. Mafuta yalishaganda juu, kidole kikatoboa kwanza ndipo kikafika kwenye mchuzi. Kopo lilikuwa limebakiza vidole viwili kujaa. Akakitoa kidole, akakinusa.

"Vijiko vingapi?"

"Sabini na kimoja. Na nilipoenda msalani sikuhesabu."

Basi akawaka. Akasema nimekuwa mpelelezi. Akasema yeye aliyenibeba mgongoni, aliyeniosha makamasi, aliyenitafutia kazi, leo namwekea kopo kama mtego wa panya. Nikamwambia ndiyo, wewe huyohuyo. Nikamwambia sitaki kukuzika, na sitaki kukushika mkono kukuvusha barabara kama mzigo. Ukitaka kufa, dada, kufa kwa jambo la maana, usife kwa mchuzi wa kiwanda. Nilikuwa nalia wakati nasema hayo, na nikilia sauti yangu inapanda, kwa hiyo walinzi wa getini walisikia yote.

Alivua aproni, akaondoka bila kuaga.

Siku mbili hakusema na mimi. Nikiwa nimesimama pale, kiwiko changu na chake vinagusana, anamgeukia mwosha vyombo: "Mwambie huyo akate vitunguu." Mwosha vyombo, maskini, ananiangalia na kuniambia nikate vitunguu. Nami namwambia, "Mwambie vimeshakatwa." Hivyo hivyo kutwa nzima, na watu mia tatu wakala bila kujua jikoni kuna vita.

Siku ya tatu alifika amechelewa dakika kumi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Kutoka kwake mpaka kiwandani ni mwendo wa dakika arobaini, na miaka yote alikuwa anapanda gari. Alikuwa anahema, jasho linamtiririka, uso umekaza kama wa mtu anayekwenda kudai haki yake. Akatoa kijiko chake mfukoni, akanishikisha mkononi mbele ya watu wote wa jikoni.

"Kuanzia leo sitii kitu kinywani humu ndani," alisema. "Wewe si ndiye Mdomo? Haya, onja."

Na hivyo ndivyo alivyojifunga kibwebwe. Yeye anaangusha chumvi kwa kiganja, kwa mazoea ya mkono, mimi naonja na kumwambia. "Bado." "Bado kiasi gani?" "Bado kidogo." Ulimi wangu yeye ndiye aliyeufundisha tangu sijaota meno, kwa hiyo ulikuwa kama wake. Sharti lake lilikuwa moja: chakula cha watu kisibadilike. "Ugonjwa ni wangu," alisema. "Si wa kiwanda."

Saa saba siku hiyo, baada ya kupakua, akaingia ukumbini na bakuli lake alilotoka nalo nyumbani, akavuta kiti, akakaa. Watu waliacha kutafuna. Kipara akasimama kabisa.

"Jamani, Jenerali amekaa! Vita vimekwisha?"

"Ndiyo kwanza vimeanza," dada akamjibu. "Na wewe kaa, chakula chako kinapoa."

Bakulini kulikuwa na maharage yasiyo na chembe ya chumvi, ameyakamulia limau na kuyatia kitunguu saumu na tangawizi. Wiki ya kwanza alikuwa anayatafuna huku amekunja uso. Nilimuuliza yakoje. Akasema, "Ushawahi kula sponji?" Lakini alimaliza bakuli. Chai aliinywa bila sukari, kwa sababu daktari alimwambia na mwili upungue, akawa anaiita dawa ya kuharisha. Vidonge akaviweka kwenye gilasi ya mswaki. "Kutoka nyumbani mdomo unanuka siwezi," alinieleza, "kwa hiyo siwezi kuvisahau." Saa tatu usiku amelala, simu yake imezimwa, ukitaka kumpa umbea, umpe mapema au usubiri asubuhi.

Siku ya kwanza ya kutembea nilitaka kumsindikiza, nimwonyeshe kwamba niko naye bega kwa bega. Kufika kona ya pili pumzi imenikata. Nikasema nina haraka, nikapunga mkono, gari likasimama, nikapanda. Nikamwona kwa dirishani anakokota miguu peke yake, anapita duka la matairi, hageuki nyuma. Nilimwonea fahari. Kwamba yeye mgonjwa anatembea na mimi mzima nimepanda gari, hilo halikunipitia akilini hata kidogo.

Kila Ijumaa alipitia duka la dawa lililo karibu na geti, akapimwa, akaja kuandika namba kwenye kalenda ya jikoni kwa tarakimu kubwa, maana ndogo alikuwa hazioni. Mia moja themanini na sita. Mia moja themanini na moja. Halafu ikapanda tena, mia moja themanini na tano, akaitupa kalamu ukutani.

"Natembea, nakula sponji, sionji kitu, halafu ipande? Inataka nini tena, damu yangu?"

"Inataka usiitupie kalamu," nikasema.

Wiki hiyohiyo nilimkamata stoo na mfuniko wa sufuria ya mchuzi. Alikuwa ameuinamisha usoni.

"Nilikuwa naangalia kama mvuke ni mzuri."

"Kwa ulimi?"

Akautazama ule mfuniko. Nilidhani atawaka. Badala yake akaupeleka kwenye sinki, akausugua mwenyewe kwa nguvu zote mpaka ukang'aa, akaenda kwa mwosha vyombo akamwambia tangu leo mifuniko yote ikitoka jikoni iingie kwenye maji papo hapo, asipewe yeye hata akiomba. "Hata nikikuamrisha," alisema. "Hata nikilia." Ijumaa iliyofuata ilikuwa mia moja sabini na tatu.

Kama wiki ya saba hivi, tunakunywa chai ya saa nne, akamega mkate wangu. Akautafuna mara mbili akautema kiganjani.

"Mkate huu nani ameutia chumvi yote hii?"

Ulikuwa mkate uleule wa duka lilelile, tangu siku za marehemu mama. Nilimwambia. Akaukodolea macho, akaniangalia mimi, akaanza kucheka polepole. Alifurahi kama mtoto aliyeng'oka jino. Ulimi umegeuka, alikuwa anasema, umeona, ulimi umegeuka! Akaendelea kunywa ile chai chungu kwa madaha.

Miezi hiyo viatu vyangu vya kazini vikaanza kunibana. Nikamlaani aliyeniuzia, nikawa navivua chini ya meza ya kukatia mboga. Mambo ya viatu tu.

Siku ya tisini ikafika. Namba ya mwisho kwenye kalenda ilikuwa mia moja hamsini na nne. Tulifika hospitali mapema, tukakuta foleni imeshajaa benchi, dada akakataa kunyanyuka hata kidogo asije akapokwa nafasi. Saa nne na nusu ndipo tulipoitwa. Muuguzi ni yuleyule kijana wa sauti ya taratibu. Akafunga mkanda, mashine ikavimba, ikapumua.

Mia moja sitini na sita.

Namba sita tu! Siku tisini za maharage ya sponji, na vumbi, na mifuniko. Nikafungua mdomo nianze, na nilikuwa na mengi ya kuanza nayo, muuguzi akaniwahi.

"Mama mdogo, tafadhali kaa nje kidogo. Na wewe mama, niambie ukweli, umekwenda haja ndogo saa ngapi?"

Dada akainamisha kichwa. "Alfajiri, nyumbani."

"Hata kibofu kikijaa presha inapanda. Nenda msalani. Ukirudi ukae, miguu miwili sakafuni, mgongo uegemee, usiseme neno dakika kumi."

Jenerali dakika kumi bila kusema neno! Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango. Alikuwa ameketi wima, viganja mapajani, midomo ameibana mpaka imepauka, na macho yake mabovu ameyafumba. Sijawahi kumwona mtu anatulia kwa bidii namna ile. Mashine ikavimba tena, ikapumua.

"Mia moja arobaini na nane kwa themanini na nane," muuguzi akasema. "Twende chumba cha upasuaji, mama."

Nilipiga kelele nikafukuzwa korido yote.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kufunguliwa bandeji. Muuguzi akalisafisha jicho kwa pamba, akamwambia afungue taratibu. Dada akapepesa. Akaangalia ukuta, akasema kumbe ni wa kijani. Akamwangalia muuguzi. "Kumbe wewe mtoto hivi! Una ndevu tatu tu!" Sote tukacheka. Kisha akanigeukia mimi. Nilishajiandaa, nilikuwa nimevaa gauni zuri, nimepaka mafuta, na nilitegemea machozi, hata asante.

Akanitazama usoni kwa muda. Akashuka kifuani, akashuka tumboni, akafika miguuni, akabaki hapohapo.

"Vua kiatu."

"Kiatu kina nini?"

"Nimekwambia vua."

Nikavua. Akainama, akabonyeza kifundo cha mguu wangu kwa dole gumba, akaliondoa. Kishimo kikabaki. Tulikitazama wote watatu, kishimo cha dole gumba, hakitaki kujaa.

"Hiki cha tangu lini?"

"Ni viatu tu vinanibana," nikasema. "Mimi sina presha."

"Nani kakupima?"

Hakuna aliyenipima. Sijawahi kupimwa maisha yangu yote. Muuguzi alishavuta kiti, alishanifunga ule mkanda. Nilianza kueleza habari za muuza viatu, akaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Mashine ikasema mia moja themanini na sita kwa mia na kumi.

"Mchana huwa unakula nini?" muuguzi akaniuliza.

Na mimi, mwenye kopo, mpelelezi, mwenye vijiko sabini na kimoja, nikafungua mdomo nikajibu kwa sauti yangu mwenyewe: "Mchana sili. Naonja tu."

Hakuna aliyecheka. Nilijisikia uso unawaka, halafu nikaogopa, hofu ya kweli. Dada alikuwa bado ameshika kiatu changu.

"Nimekutwika mzigo wangu," alisema. "Miezi mitatu nakutwika kijiko kwa kijiko, na sikuona." Machozi yalitaka kumtoka, muuguzi akamkataza, jicho lilikuwa bichi. Akayameza. Akakaza uso uleule wa siku ya vumbi. "Haya. Nilisema ugonjwa ni wangu, si wa kiwanda. Nilikosea. Umo sufuriani. Sote tunachota humohumo."

Nilianzishiwa dawa siku hiyohiyo, nikapewa tarehe ya kupimwa moyo na figo. Dada alikaa nyumbani wiki nne kama alivyoagizwa, na kila alfajiri alinijia mlangoni, kofia ya ukingo mpana kichwani, na ile miwani nyeusi ya hospitali. "Twende." Kona ya pili nilikuwa nasimama. Alisimama nami. Hakunihimiza wala hakuniacha, alisubiri nipate pumzi, akasema tena, "Twende."

Siku ya kurudi kazini, meneja alimkabidhi barua ya kumrudishia jiko, yenye maandishi madogo. Dada akaisoma mlangoni kwa sauti, neno kwa neno, mpaka tarehe ya chini, akaikunja. Akaingia jikoni. Akaenda moja kwa moja nyuma ya kapu la kabichi, akalitoa kopo langu nililokuwa nimelirudisha pale, akaliweka mbele ya sufuria ya mchuzi, tupu. Akachota chumvi. Akakitazama kile kiganja chini ya taa, kimejaa, kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Akairudisha nusu kwenye ndoo.

"Kipara atalalamika," nikasema.

"Na alalamike. Siku asipolalamika ndiyo nitamtafuta. Wiki ijayo tutapunguza tena." Akanipa kijiko. "Mara moja tu. Sufuria moja, mara moja. Na sasa nakuona."

Nikaonja mara moja. Mchuzi ulikuwa chapwa, jamani, chapwa kabisa. Nikamrudishia kijiko, nikamwambia umekolea.